Vidole Vilivyobaki Begani

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilivyojivisha kitanzi kwa mikono yangu mwenyewe. Nilisimama mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, nikamnyang'anya shemeji yangu kazi ya kutengeneza video ya mama mkwe, kisha nikatamka kwa sauti ya kusikika hadi uani: "Picha hizi nitazishughulikia mimi. Sitaongeza kitu wala sitapunguza kitu."

Kwa ambaye hakuwapo, habari ni fupi. Mama mkwe wangu anatimiza miaka tisini. Anaishi kwetu, katika chumba cha upande wa uani. Watoto na wajukuu walitaka siku hiyo waone maisha yake kwenye skrini kubwa, picha baada ya picha, muziki ukipita chini yake. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana spika na skrini za kukodisha kwenye shughuli za watu. Wanamwita Kipaza, na jina hilo lilimfaa hata kabla hajanunua chombo chochote.

Kazi ilikuwa yake kwa haki. Nikaichukua kwa sababu alisema, watu wakisikia, "Shemeji, mambo ya kompyuta tuachie sisi wenye damu moto. Wewe kaa, utaitwa kula."

Mimi? Mtu niliyeshinda mashineni mchana na kusoma shule ya jioni mpaka cheti kikatoka? Mimi ambaye mtaa mzima unaniita Kamusi?

Basi sikilizeni kilichomkuta Kamusi.

Picha za mama mkwe nilizipiga upya kwa simu, moja moja, nikiwa nimezilaza juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha. Hilo nililifanya vizuri na sitaki mtu anibishie. Tabu ilianza kwenye kuchagua programu ya kuzigeuza kuwa video.

Ya kwanza niliichagua kwa sababu ilikuwa ya bure. Rahisi ghali, walisema wahenga, na msemo huo niliuandikia hata insha. Lakini mwanadamu hujifunza kwa kichwa na kusahau kwa mfuko.

Nikazipanga picha, nikachagua muziki, nikabonyeza kitufe. Video ikatoka. Kila picha ilikuwa imegongwa jina la programu yenyewe, kwa herufi nene, katikati ya paji la uso la mama mkwe.

Mke wangu akachungulia begani kwangu. "Mbona mama amekuwa gunia la saruji?"

Nikaifuta.

Ya pili ilijisifu kwamba inakarabati picha za zamani. Unaipa picha yenye mikunjo na madoa, inakurudishia picha safi kama ya jana. Nikafurahi nayo sana. Nilikaa nayo asubuhi nzima, nikiona madoa yanayeyuka kama ukungu, nikamwita mke wangu aje apigwe na butwaa.

Akatazama. Hakupigwa na butwaa.

"Huyu nani?"

"Wewe. Ulipokuwa darasa la kwanza."

"Mimi? Shungi langu liko wapi?"

Lazima niwaeleze. Mke wangu alizaliwa na shungi jeupe mbele ya kichwa, juu kidogo ya paji la uso, kana kwamba mtu alimgusa kwa kidole chenye chokaa. Katika ukoo wao hakuna mwingine mwenye alama hiyo. Mama mkwe husema hapo ndipo Mungu alipomshikia wakati wa kumshusha duniani. Sasa nywele zake zote zina mvi, lakini shungi bado unaliona, maana mvi ni kijivu na lile ni jeupe pe.

Mashine ilidhani ni doa. Ikalifuta katika picha zote, tangu utotoni mpaka harusi yetu.

"Sikuona," nikasema.

"Hukuona nini?"

"Kwamba limefutwa."

"Umeishi nalo miaka yote hii," akasema polepole, "halafu mashine inanifuta mbele ya macho yako, na wewe unaniita nije nishangilie."

Siku ile chai nilijipikia mwenyewe.

Kwa programu ya tatu nikasema sitarudia kosa. Nikasoma maelezo yake yote, mpaka sehemu ya masharti, ambayo nina hakika hata aliyeyaandika hakuyasoma. Ilikuwa programu ya adabu. Haikugonga jina, haikufuta mtu. Ilichukua picha mnato, ndivyo zinavyoitwa kwa usahihi picha zisizosogea, ikazipa mwendo mdogo tu. Picha inakujia taratibu, kama mtu anayekaribia kukusalimia. Au inapita kutoka uso mmoja hadi mwingine, kama jicho la mzazi likihesabu watoto wake.

Nikaona nimefika. Nikamwita Kipaza ili nimkate ngebe.

Alitazama akiwa amesimama, mikono mfukoni.

"Shemeji," akasema, "mbona umemweka mama kabatini?"

"Kabati gani?"

"Hili hapa. Mama katikati, giza huku na giza huku. Kama nguo iliyotundikwa."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Picha za zamani nyingi zimesimama, na skrini imelala. Pembeni panabaki weusi pande zote mbili.

"Nitapajaza," nikasema.

"Na nini? Uliapa hutaongeza kitu."

"Nimesema nitapajaza. Njia zipo."

"Haya, Kamusi. Tutaona." Akaondoka akicheka kicheko chake kile cha kujaribu spika.

Njia ilikuwepo, ndani ya programu ile ile. Kitufe kimeandikwa "Jaza pembeni". Maelezo yakasema mashine hutazama kilichomo pichani, kisha hukamilisha kinachokosekana. Nikajiambia ukuta si kitu, na majani si kitu. Kuongeza ukuta pale palipokuwa na ukuta si kuongeza. Ni kama kufagia ukumbi kabla wageni hawajaingia.

Nikabonyeza.

Na kweli, picha moja baada ya nyingine, giza likaondoka. Nyuma ya mama mkwe akiwa kwenye cherehani yake kukatokea dirisha. Nyuma ya wanawe waliopanga foleni ukarefuka ukuta. Nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

Halafu ikafika picha ya harusi ya mama mkwe.

Picha hiyo naijua tangu nilipokuja kuposa. Bibi harusi amesimama amevaa gauni jeupe, bado msichana, shingo ndefu. Lakini upande wa kushoto picha imekatwa kwa mkasi, kuanzia juu hadi chini, kwa kufuata ukingo wa bega lake. Aliyekata alikuwa na haraka au hasira, maana aliacha vitu viwili. Juu ya bega la bibi harusi vilibaki vidole vya mtu. Na chini kidogo ilibaki ncha ya kitambaa cheupe kisichokuwa cha gauni.

Hakuna aliyewahi kuuliza. Picha ile ilikuwa kama jirani mwenye kilema. Unamsalimu, unamtazama machoni, basi.

Mashine haikufundishwa adabu hiyo. Iliona vidole, ikavitafutia mkono. Iliona mkono, ikautafutia mwenyewe. Pale kwenye giza akasimama msichana, amefanana na bibi harusi kama maharagwe ya ganda moja, anatabasamu, mkono mmoja begani kwa mwenzake na mwingine umepakata shali jeupe iliyokunjwa.

Hapa ndipo nilipokosea, na nakiri. Sikupitiwa. Nilimwona. Nilikaa nikamtazama kwa muda mrefu, nikajua kabisa kwamba mtu huyu hajawahi kuzaliwa.

Lakini nikimwondoa, kabati linarudi. Na Kipaza atakuwa amesimama pale, mikono mfukoni.

Nikamwacha.

Siku ya kujaribu vyombo ilikuwa alasiri. Kipaza alileta skrini na spika mbili kubwa kama friji. Moja akaiegemeza kwenye mlango wa sebule kwa sababu hakukuwa na nafasi nyingine. Mama mkwe akaketi kwenye kiti chake chenye mto. Mke wangu akakaa kwenye mkono wa kiti hicho. Mimi nikasimama karibu na kompyuta kama nahodha.

Video ikaanza. Kipaza mwenyewe akanyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimfahamu. Mke wangu akafuta macho. Nikaanza kuandaa moyoni maneno mafupi ya kushukuru.

Ikaja picha ya harusi.

"Simamisha," mama mkwe akasema.

Nikasimamisha.

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Akainuka. Mke wangu akataka kumshika, mama yake akaukataa mkono. Akatembea mwenyewe mpaka kwenye skrini, mpaka mwanga wa picha ukamwangukia usoni. Akaweka kiganja juu ya yule msichana.

"Picha nzima," akasema. "Umeipata wapi?"

Kipaza akazima muziki.

"Nzima?" akauliza. "Ni ile ile nusu ya siku zote." Akasogea. "Hebu. Shemeji, huyu katoka wapi? Si uliapa hutaongeza kitu?"

Wasomaji, kulikuwa na mlango wa kutokea hapo, na ulikuwa wazi. Ningesema neno moja tu, "mashine", na leo ningekuwa nimelala usingizi wa haki. Lakini Kipaza alikuwa ameanza kutabasamu. Tabasamu lilikuwa limefika upande mmoja wa mdomo.

"Nina njia zangu," nikasema.

"Njia zipi?"

"Za utafiti."

Mama mkwe hakutusikiliza. "Picha hii zilitoka nakala mbili," alisema akiwa bado ameielekea skrini. "Yangu moja, yake moja. Yangu niliikata kwa mkasi wa kazi, nusu nikaichoma. Nzima duniani ni moja tu, anayo yeye." Akageuka. Macho yake yana ukungu wa uzee, lakini yaliponipata yalinishika. "Basi umemwona mdogo wangu."



"Mama," mke wangu akasema, "una mdogo wako?"

"Nimemuuliza mkwe wangu. Yuko hai?"

"Mama, hebu ukae kwanza," nikasema.

"Nimekaa miaka. Yuko hai?"

Sikutamka ndiyo. Nataka lieleweke hivyo, kwa kumbukumbu. Ila kichwa changu kilishuka mara moja na kupanda, na mama mkwe akashika kifua.

"Mlete," akasema. "Siku yangu ikifika, nataka kiti chake kiwe kando ya changu. Kama hatakuja, basi hiyo video yenu mkaitazame wenyewe."

"Mama, mimi nina gari," Kipaza akadakia. "Nitamfuata popote. Shemeji anielekeze tu." Akanigeukia. "Au si hivyo, shemeji? Mtu uliyemwona, unajua anakokaa."

"Nitakuelekeza."

"Lini?"

"Wakati wake."

"Wakati wake ni upi? Sherehe ni Jumapili."

Nikaona bora nitoke nikapate hewa. Nikakuta mlango umezibwa na ile spika kubwa kama friji. Ikabidi nimwombe shemeji yangu anisogezee. Akaisogeza, lakini kidogo kidogo, kama mtu anayefungua zizi huku akihakikisha mbuzi hatoki.

Mke wangu alinikuta jikoni nimesimama mbele ya sinki nikiosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Ule mkono begani kwa mama," akasema. "Una vidole vingapi?"

Nikaendelea kuosha.

"Nimevihesabu, mume wangu. Viko sita."

"Mwanga wa skrini wakati mwingine..."

"Kamusi."

Nikaweka kikombe chini. "Ni mashine," nikasema. "Ilijaza pembeni. Nilimwona, nikamwacha. Sasa hivi naenda kumwambia mama."

Nilitegemea anifokee. Ningepokea hata anirushie mwiko. Badala yake akafunga mlango wa jikoni na kuuegemea kwa mgongo.

"Usithubutu."

"Unasema?"

"Mimi nimezaliwa na mama huyu, nimelala naye kitanda kimoja mpaka nikaolewa. Sijawahi kusikia kwamba ana mdogo. Leo ndiyo mara ya kwanza. Umeuona uso wake? Alikuwa kama msichana." Akazidi kuukaza mlango kwa mgongo. "Ukimwambia ni mashine, atafunga mdomo na hautafunguka tena. Na mimi nataka kujua. Ni haki yangu. Nina mama mdogo huko duniani, na nimefika umri huu sijui hata jina lake."

"Lakini hakuna niliyemwona, mke wangu. Nitamleta nani?"

"Mwulize mama. Taratibu, kwa akili. Mpaka akutajie jina, akutajie mji. Halafu tutafute kweli. Wewe si mtu wa utafiti?"

"Na nikishindwa?"

"Umejitosa majini mwenyewe. Sasa ogelea."

Ndiyo hali niliyokuwamo. Nikisema kweli, mke wangu hanisamehe. Nikinyamaza, Kipaza ananisubiri na funguo za gari. Na katikati yetu ameketi bikizee wa miaka tisini ambaye alinyoosha nguo yake ya Jumapili mwenyewe, akakataa kusaidiwa pasi.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mama mkwe aliniita chumbani kwake.

Nilikuwa nimeamua. Mke wangu na awe mkali, Kipaza na acheke mpaka spika zipasuke, lakini siwezi kumdanganya mama wa watu machoni. Niliyapanga maneno yangu vizuri kabisa, utangulizi, kiini na hitimisho.

"Funga mlango," akasema. "Kaa."

Nikakaa kwenye kigoda. Yeye alikuwa kitandani, na mapajani amepakata kopo lake la vifungo. Alikuwa fundi nguo maisha yake yote, na kopo lile hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulichezea.

"Mama, kuhusu ile picha..."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua umeona alichopakata."

Nikawaza ile shali. Shali iliyokunjwa, ambayo mashine iliiunga kutoka kwenye ncha ya kitambaa. Nikafungua mdomo. Utangulizi wangu ukapotea.

"Jana mlikuwa watatu mkitazama," akaendelea. "Wanangu hawakuona. Wewe uliona, maana picha umekaa nayo. Ukanyamaza. Nikajiambia, mtu anayependa kusema kama mkwe wangu, akinyamaza juu ya jambo kama hili, basi ana utu kuliko nilivyomdhania. Unisamehe. Nilikuwa nakuona mwenye makeke tu."

"Mama, mimi sistahili..."

"Nyamaza, mwanangu. Umeanza vizuri, usiharibu."

Akaanza kukoroga vifungo kwa vidole. Vikalia kama mvua juu ya bati.

"Alikuja mara moja," akasema. "Mtoto alikuwa ameshaanza kukimbia uani. Akasimama mlangoni, akaniambia, dada, nimekuja kuchukua kilicho changu. Nikamwambia, hapa huna kitu. Akaniambia, ulisema unanishikia tu mpaka mambo yakae sawa. Nikafunga mlango. Alikaa nje mpaka jua likazama, nami nikakaa ndani nimeushikilia mlango kwa mgongo. Kesho yake nikachukua mkasi."

Nikamkumbuka mke wangu jikoni, ameuegemea mlango kwa mgongo.

"Niliwaambia nusu niliichoma," mama mkwe akasema. "Kuchoma sikuweza."

Chini kabisa ya kopo, chini ya vifungo vyote, akatoa kipande chembamba cha picha, kimepinda kwa kukaa pale miaka. Akanikabidhi kikiwa kimelala kifudifudi.

"Mimi sikioni tena vizuri. Kilinganishe na ile yako nzima. Uniambie kama ndiye yule yule."

Nikavaa miwani. Nikakigeuza.

Hakufanana na yule wa mashine hata kidogo. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na hakutabasamu. Vidole vyake begani kwa dada yake vilikatiwa kwenye kiungo, vinamalizikia kwenye ile nusu nyingine iliyo sebuleni. Mashine ilimpa macho ya kumtazama mpiga picha. Yeye hakumtazama mpiga picha. Alikuwa ameinamisha uso kwenye mkono wake mwingine.

Na mkononi hakukuwa na shali.

Alikuwa mtoto mchanga aliyeviringishwa nguo nyeupe, kichwa kikiwa wazi. Nywele zake nyeusi, nyingi kuliko umri. Na mbele, juu kidogo ya paji la uso, palikuwa na alama nyeupe pe, kana kwamba mtu alimgusa kwa kidole chenye chokaa.

Nikaisugua kwa kidole gumba. Nilitaka iwe doa. Mungu anisamehe, niliikumbuka ile programu ya pili, nikatamani ningekuwa nayo mkononi.

Haikuwa doa.

"Umenyamaza," mama mkwe akasema.

"Namtazama, mama."

"Mzuri?"

"Mzuri."

"Sijawahi kumwambia huyo mtoto. Kila nilipotaka, nilimwona ananikimbilia ananiita mama, nikameza." Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi kama karatasi. "Mdogo wangu akiingia hapa Jumapili, jambo la kwanza atatazama kile kichwa. Atasema. Afadhali mtoto ayasikie kwetu kabla hajayasikia kwake. Mimi nimeshindwa miaka yote. Wewe ndiye Kamusi, maneno yote unayo. Mwambie wewe."

"Mama," nikasema, "huyo mdogo wako, mimi..."

Mlango ukafunguliwa kwa kusukumwa na goti.

Alikuwa mke wangu, ameshika trei ya chai kwa mikono miwili. Joto la jikoni lilikuwa limemfanya avue kitambaa cha kichwa, na mwanga wa uani ulikuwa nyuma yake. Nimemtazama mwanamke yule maisha yangu yote. Sikuwahi kuona shungi lile likiwa jeupe namna ile.

"Kipaza yuko nje," akasema. "Amewasha gari. Anasema haondoki mpaka umwelekeze njia ya kwa mama mdogo." Akanikonyeza kidogo, konyezo la kuuliza kama nimeshapata jina na mji. Kisha konyezo likamfia usoni. "Mbona mko hivyo? Hicho ulichoshika ni nini?"

Nikafunga kiganja. Lakini kile kipande ni kirefu, na ncha yake ilibaki ikichungulia kati ya vidole vyangu.

Nje, Kipaza akapiga honi.

Mke wangu akaiweka trei juu ya cherehani ya mama yake, akafuta mkono kwenye nguo, akaunyoosha kwangu.

"Mpe," mama mkwe akasema.